Likizo Niliyoiomba kwa Mdomo

Mwaka 2012, zikiwa zimebaki wiki 2 nijifungue mtoto wangu wa kwanza, nilisimama mlangoni pa ofisi ya meneja wangu, katika kampuni moja ya kuuza vipuri vya magari eneo la viwanda hapa Nairobi, nikamwambia kwamba kuanzia Jumatatu sitaonekana kazini. Aliinua macho kutoka kwenye makaratasi yake, akacheka kwa wema, akasema, "Nenda salama, mama, utuletee mhasibu mwingine." Nilimshukuru, nikafunga mlango taratibu, nikateremka ngazi moja moja huku nimeshika mgongo. Hayo ndiyo yaliyokuwa maombi yangu ya likizo ya uzazi, yote kwa jumla. Sikuandika hata mstari mmoja, wala sikuona sababu ya kuandika, kwa kuwa tumbo lenyewe lilikuwa barua tosha kwa kila mwenye macho.

Miezi 3 baadaye nilirudi. Mtoto nilimwacha kwa mama yangu Buruburu, nikapanda matatu ya alfajiri ya Barabara ya Jogoo, nikafika kazini kabla ya mlinzi kumaliza kufagia lango. Kwenye kiti changu nilimkuta kijana aliyeletwa kunishikia kazi, naye alikuwa ameshabandika kalenda yake ukutani. Meneja aliniita akaniambia, bila ubaya wowote katika sauti yake, kwamba walisikia nataka kukaa nyumbani nilee, na kwa hiyo wakampa yule kijana barua ya ajira ya kudumu. Hakuna aliyenifukuza. Nilipelekwa stoo kuhesabu vichujio vya mafuta na mikanda ya injini; mshahara wa msingi ukabaki ule ule, lakini marupurupu ya shilingi 6,000 niliyokuwa nikilipwa kwa kushughulikia hesabu za kodi yakaondolewa, kwa kuwa kazi ile haikuwa yangu tena. Nilipouliza habari ya likizo yangu ya mwaka, nilijibiwa kwamba ilikwisha ndani ya ile ya uzazi.

La kushangaza ni kwamba niliamini. Niliamini kwa sababu jioni ile nilipomsimulia mama yangu, huku nikimpokonya mtoto aliyekuwa akilia kwa njaa, yeye mwenyewe aliniambia kwamba ndivyo ilivyo. Mama alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, si mbali na pale nilipokuwa nikihesabu vichujio, na aliponizaa mwaka 1981 alipewa miezi 2 yenye mshahara, kisha likizo yake ya mwaka huo ikafutwa. Hakudhulumiwa, sheria ya ajira ya mwaka 1976 ndivyo ilivyosema, kwamba mwanamke aliyechukua likizo ya uzazi hupoteza ile ya mwaka. "Wewe umepata miezi mitatu," aliniambia, "ungekuwa na haki ya kulalamika kama ungepata yangu." Sheria hiyo ilikuwa imeshaondolewa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, lakini nyumbani kwetu ilikuwa ingali hai, ikikaa sebuleni na kutoa ushauri.

Nilihesabu vipuri kwa miaka miwili, kisha nikapata kazi ya hesabu katika kampuni nyingine, ambako pamoja na mambo mengine nilikabidhiwa orodha ya mishahara. Mwanzoni mwa mwaka 2016 mwenzetu mmoja wa mapokezi alikwenda kujifungua, nami nikatakiwa kujua alipwe nini na kwa muda gani. Ndipo kwa mara ya kwanza nilipofungua sheria yenyewe na kuisoma kwa macho yangu, si kwa mdomo wa mtu. Nilisoma kifungu cha 29 kama mtu anayesoma taarifa ya benki ya akaunti iliyoibiwa. Mwanamke anapata miezi 3 kwa mshahara kamili. Anaporudi ana haki ya kurejea kwenye kazi ile ile aliyokuwa nayo kabla ya kuondoka, au kazi nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo duni kuliko ya kwanza. Likizo yake ya mwaka haipotei kwa sababu ya likizo ya uzazi. Na mahali fulani katikati, kwa maneno machache ambayo mtu mwenye haraka angeyaruka, imeandikwa kwamba mfanyakazi atatoa taarifa si chini ya siku 7 kabla, au muda mfupi zaidi ikiwa hali inahitaji, akieleza tarehe anayokusudia kuondoka na kwamba anakusudia kurudi kazini baadaye. Na kwamba taarifa hiyo itakuwa ya maandishi.

Nilirudia maneno hayo mara kadhaa: kwamba anakusudia kurudi. Meneja wangu wa kwanza hakuwa na lolote la kunitetea wala la kunishtaki. Alikuwa na uvumi kwamba nataka kukaa nyumbani, na mimi sikuwa nimemwachia karatasi ya kuupinga uvumi huo. Sisemi kwamba kukosa barua kulimpa ruhusa ya kuninyang'anya kiti. Nasema kwamba barua ingempa aibu ya kukinyang'anya, na kwa uzoefu wangu aibu hufanya kazi haraka kuliko mahakama. Nikaendelea kufungua kurasa hadi nikafika pale panaposema kwamba madai yanayotokana na mkataba wa ajira yafunguliwe ndani ya miaka 3. Nilihesabu kwa vidole. Ilikuwa imepita miaka 3 na miezi kadhaa. Nikafunga kompyuta, nikaenda kunywa chai.

Kwa mtoto wa pili, mwaka 2017, niliandika barua ya ukurasa mmoja mwezi mzima kabla ya siku, nikataja tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, nikaeleza nani atawasilisha kodi ya mishahara kabla ya tarehe 9 ya kila mwezi na nani atawasilisha ile ya ongezeko la thamani kabla ya tarehe 20, nikaomba kwamba likizo yangu ya mwaka ya siku 21 za kazi iunganishwe mwishoni mwa ile ya uzazi, kisha nikaomba nijibiwe kwa maandishi. Nilijua, kwa kuwa nimesoma, kwamba mwajiri akikubali kuunganisha likizo nyingine baada ya ile miezi 3, haki ya kurudi kwenye kazi yako inasogea mbele pamoja na tarehe. Nilijibiwa siku ya tatu. Niliporudi baada ya karibu miezi 4, kiti changu kilikuwa na vumbi, na vumbi lile lilinifurahisha kuliko keki waliyoninunulia.

Mume wangu naye alikuwa na wiki 2 zenye mshahara kwa mujibu wa kifungu hicho hicho, na kwa mtoto wa kwanza hakuzichukua, kwa sababu bosi wake alimpa siku 3 na yeye akaona haya kudai zaidi, kana kwamba anaomba apewe nepi. Safari hii nilimwandikia barua mimi, akaweka sahihi. Alipata wiki 2 kamili, na katika wiki hizo alijifunza jinsi mtoto wetu mkubwa anavyokataa kulala, jambo ambalo kwa miaka 5 alidhani ni hadithi yangu.

Kufikia hapo nilijiona fundi wa likizo. Wafanyakazi wenzangu walikuwa wakija mezani kwangu kuniuliza, nami nikawaeleza vifungu kwa namba, kwa majivuno kidogo ambayo sasa nikiyakumbuka yananichekesha. Kisha, mwezi Machi mwaka 2019, mama yangu akaanguka jikoni kwake Buruburu akiwa anapepeta mchele, na jirani aliyesikia ungo ukianguka ndiye aliyemkuta. Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama maji ya mfereji siku ya mgao.

Alikaa hospitalini siku 12. Siku hizo nilikuwa nikitoka kazini saa kumi na moja, ninafika wodini wakati wa kutazama wagonjwa ukielekea kwisha, ninamlisha uji, ninarudi nyumbani kukagua kazi za shule usiku. Usiku mmoja, badala ya kulala, niliifungua tena ile sheria niliyoamini ninaijua, nikatafuta kifungu cha mtu anayeuguza mzazi. Niliisoma toka mwanzo hadi mwisho. Nilikuta likizo ya mwaka, likizo ya uzazi, na likizo ya ugonjwa ambayo baada ya miezi 2 ya utumishi inampa mfanyakazi angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 nyingine za nusu mshahara kwa mwaka, kwa cheti cha daktari. Lakini mgonjwa anayezungumziwa pale ni mfanyakazi mwenyewe. Sheria yetu inamjua mwanamke anayezaa na inamjua mtu anayeugua. Yule aliyezaa zamani na sasa anaugua, aliyebaki na mtoto mmoja mjini wa kumgeuza kitandani, hakuandikiwa kifungu chake.

Mwenzangu mmoja wa idara ya mauzo, mtu mwema aliyenihurumia kwa dhati, alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, hiki ni kitu kidogo tu, kuna daktari mmoja namjua, atakuandikia siku saba za maumivu ya mgongo." Nitakuwa mwongo nikisema nilikataa papo hapo. Niliomba nipewe namba ya simu. Nilikaa nayo siku 2 mkobani. Kilichonizuia hakikuwa uadilifu mkubwa. Nilitambua kwamba mimi ndiye ninayehifadhi vyeti vya ugonjwa vya wafanyakazi wote katika faili la mishahara, na kwamba ningelazimika kuchukua uongo wangu kwa mkono wangu na kuutoboa matundu mawili ili ukae vizuri kwenye faili. Isitoshe, cheti cha uongo kikigunduliwa, mwajiri anapata sababu halali ya kunifukuza, na hapo ningekuwa nimempa bure kile ambacho sheria ilimnyima. Namba ile niliitupa.

Kaka yangu yuko Dallas, Marekani, ambako anawahudumia wagonjwa katika hospitali moja kubwa. Nilipompigia kumweleza kwamba Mama ataruhusiwa kutoka hospitalini lakini hawezi kukaa peke yake, aliniambia nisihangaike, kwamba angeomba likizo ya familia na kuja. Nilidhani anazungumzia ukarimu wa bosi wake. La, akasema, ni sheria. Tangu mwaka 1993, Rais Bill Clinton alipotia saini Sheria ya Likizo ya Familia na Matibabu, mfanyakazi wa huko anaweza kuchukua hadi wiki 12 katika kipindi cha miezi 12 ili kumuuguza mzazi, mume, mke au mtoto mwenye ugonjwa mzito, au kwa ajili ya ugonjwa wake mwenyewe au mtoto aliyezaliwa, na akirudi lazima apewe kazi yake au iliyo sawa nayo. Bima yake ya afya inaendelea kana kwamba yuko kazini. Nilinyamaza kwenye simu. Nilihisi wivu ambao sikuwahi kumwonea kaka yangu hata alipopata viza.

Wivu ule ulipungua aliponieleza yaliyobaki. Kwanza, wiki hizo 12 hazina malipo yoyote katika sheria hiyo. Kazi inakusubiri lakini mshahara haukusubiri. Yeye alikuwa na siku chache za mapumziko yenye malipo, na mwajiri wake alimtaka azitumie humo humo ndani ya zile wiki 12. Pili, si kila mtu anahusika: ni lazima uwe umemfanyia kazi mwajiri huyo kwa miezi 12 na kutimiza saa 1,250 katika mwaka uliotangulia, tena mwajiri wa sekta binafsi awe na wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 za pale unapofanyia kazi. Shemeji yangu, mke wa kaka, anafanya kazi katika duka lenye watu wanane. Yeye hana likizo hiyo hata kwa mama yake mzazi. Na hata angekuwa na kazi ya hospitali kubwa kama ya mumewe, asingeweza kuiomba kwa ajili ya mama yetu, kwa sababu mzazi katika sheria ile ni mzazi wako wewe, na mkwe hahesabiwi. Nilipomweleza Mama jambo hilo baadaye, alipokuwa ameanza kuelewa mazungumzo marefu, aliguna kwa upande wa mdomo uliokuwa mzima. Kwake mkwe ndiye anayeuguza.

Kulikuwa na karatasi pia. Mwajiri wa kaka alitaka uthibitisho wa daktari na akampa siku 15 za kuurudisha. Nilidhani hapo ndipo mambo yatakapokwama, kwamba watataka daktari wa Texas, lakini kanuni zao zinamkubali daktari anayefanya kazi katika nchi nyingine akiwa ameruhusiwa na sheria za nchi hiyo. Basi fomu ikaja kwa barua pepe, nikaichapisha, nikaipeleka wodini, na daktari wa mama yangu akaijaza akiwa amesimama kando ya kitanda: ugonjwa ulianza lini, utachukua muda gani, mgonjwa anahitaji msaada gani wa kila siku. Alipofika pale panapouliza kama mgonjwa anaweza kujihudumia kwa chakula na usafi, alimtazama Mama, akanitazama mimi, akaandika polepole. Sijawahi kuona hali ya mama yangu ikielezwa wazi namna ile, na ilielezwa kwa ajili ya ofisi iliyo ng'ambo ya bahari.

Fomu hiyo ndiyo iliyonifundisha la kufanya upande wangu. Usiku huo huo nilikaa nikamwandikia mkurugenzi wetu barua iliyofuata maswali yale yale, ingawa hakuna sheria ya Kenya iliyonitaka. Nilieleza ugonjwa wa Mama kwa maneno ya daktari, nikaeleza kwamba ndugu yangu atafika mwanzoni mwa Juni, na kwamba kati ya siku ile na siku hiyo hakuna mtu mwingine. Niliomba siku zangu 21 za mwaka, zinazonifikisha mwisho wa Aprili, kisha mwezi wa Mei bila malipo. Niliahidi kwamba katika mwezi huo nitafika ofisini siku 2, moja kabla ya tarehe 9 na nyingine kabla ya tarehe 20, ili kodi zisichelewe. Mwishoni niliomba ajibu kwa maandishi kwamba tarehe 3 Juni nitarudi kwenye kazi yangu hii hii. Sentensi hiyo niliiandika na kuifuta mara nyingi kwa kuona kwamba ni ya kumshuku mtu. Niliiacha ibaki kwa sababu ya kifungu cha 46, kinachosema kwamba si sababu ya haki kumfukuza mtu kwa kuchukua au kukusudia kuchukua likizo anayostahili kwa sheria au kwa mkataba. Kwa sheria sikustahili ule mwezi wa Mei. Kwa mkataba, mkurugenzi akitia sahihi, ningestahili.

Aliniita. Hakufurahi, na sikumlaumu. Ulikuwa msimu wa wakaguzi wa hesabu. Aliniuliza kwa nini nisitafute muuguzi wa kulipwa, nami nikamtajia bei ya muuguzi wa mchana na wa usiku, akanyamaza. Akauliza ni nani atakayemhakikishia kwamba Juni sitaomba Julai. Nikamwonyesha tikiti ya ndege ya kaka yangu. Nadhani ni tikiti iliyomshawishi, si vifungu. Alitia sahihi chini ya barua yangu mwenyewe, kwa kalamu ya kijani ya wakaguzi, na kuandika neno moja, "Sawa," pamoja na tarehe.

Mei bila mshahara ilitubana. Chama changu cha wanawake kilinikopesha shilingi 40,000, nikazilipa kwa miezi 8. Tulimhamishia Mama kwetu Donholm, tukampa chumba cha watoto, na watoto wakalala sebuleni. Mara tatu kwa wiki nilimpeleka mazoezi ya viungo kwa teksi, kwa sababu hakuna kondakta wa matatu anayeweza kumsubiri mtu anayehitaji dakika 5 kupanda ngazi mbili. Siku zangu mbili za kwenda ofisini zilinipa pumzi. Naona haya kidogo kukiri kwamba nilizihesabu kama mtoto anavyohesabu siku za sikukuu. Kaka akafika, akakaa wiki 7, akanifukuza chumbani kwa Mama na kuniambia nilale. Wiki 5 alizozibakiza alikuja kuzitumia Desemba, Mama alipoteleza bafuni akavunjika kiwiko. Mimi nilirudi kazini tarehe 3 Juni kama ilivyoandikwa. Kiti kilikuwa changu.

Ningependa simulizi iishie hapo, na kwa muda mrefu niliisimulia ikiishia hapo. Lakini mchana, nikiwa ofisini kwenye kiti changu kilicholindwa, aliyekuwa akimgeuza Mama kitandani, akimlisha na kumfanyisha mazoezi ya vidole kwa mpira wa soksi, alikuwa dada tuliyemwajiri nyumbani tangu mwaka 2018. Mwaka 2021, jioni moja, alisubiri watoto walale, akaja akasimama mlangoni pa jikoni, akaniambia, "Mama, nina mimba. Mwezi wa nane sasa. Nitaenda nyumbani, nikijaliwa nitakupigia." Alisimama kama nilivyosimama mimi mwaka 2012, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango.

Nilimpa pole na pongezi kwa pamoja, kwa fujo. Kisha alipotoka nikachukua simu nikamwandikia rafiki yangu kumwuliza kama anamjua msichana mwaminifu wa kuanza kazi mwezi ujao, wa kudumu. Sikufikiri hata kidogo kwamba ninafanya jambo lile lile nililofanyiwa. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu akitazama taarifa ya habari, alisikia kila kitu. Alihangaika na neno kwa muda, akalipata. "Na... yeye?" Sikumwelewa. Akainua mkono wa kushoto, ulio mzima, akanionyesha vidole viwili, akavitikisa. Miezi miwili. Ile yake ya mwaka 1981.

"Ni mitatu, Mama," nikamwambia. "Siku hizi ni mitatu."

Sheria ya Ajira haikuandikwa kwa ajili ya wenye ofisi tu. Dada wa nyumbani ni mfanyakazi, na kifungu cha 29 ni chake kama kilivyo changu, na mwajiri anayetajwa mle, kwa kesi yake, nilikuwa mimi. Tulikuwa tukimlipa shilingi 14,000, kiasi kilichopita kidogo tu kima cha chini cha Nairobi cha wakati huo, shilingi 13,572.90. Kwa miezi 3 tulimlipa hizo yeye, na 14,000 nyingine dada wa kumshikia, yaani 28,000 kila mwezi kutoka mishahara ya watu wawili ambao mmoja wao alikuwa amekatwa mshahara kwa sababu ya korona. Ndipo nilipoelewa, kwa mfuko wangu, kitu ambacho vifungu havikunifundisha. Katika nchi yetu gharama ya likizo ya uzazi inamwangukia mwajiri peke yake. Hakuna mfuko wowote wa pamoja unaomsaidia kubeba. Kampuni kubwa haihisi. Duka la watu watatu linahisi, na nyumba yenye mfanyakazi mmoja inahisi zaidi, na ninaamini kwamba baadhi ya wanawake vijana wanaokosa kazi hapa mjini hukosa kwa sababu mtu fulani amekaa akapiga hesabu niliyoipiga mimi. Hesabu hiyo ni ya kweli. Hainipi ruhusa ya kuifanya kwa siri nyuma ya mtu aliyemfundisha mama yangu kushika kijiko upya.

Nilimpa daftari nikamwomba aandike tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Aliona ni mzaha. "Mama, si tumeshaongea?" Nikamwambia kwamba mimi niliwahi kuongea tu, na nikamsimulia habari ya stoo na vichujio vya mafuta, hadithi ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka yote aliyokaa nyumbani kwangu. Aliandika mistari minne. Mimi nikaandika chini yake kwamba nimekubali, tukatia sahihi wote wawili, Mama akadai naye atie, akaweka alama ya mkono wa kushoto inayofanana na ndoana. Asubuhi yake mume wangu alimsindikiza hadi kituo cha mabasi na mfuko wa nguo za mtoto zilizobaki za kwetu.

Alijifungua salama. Wiki mbili kabla ya miezi 3 kwisha alinipigia simu, sauti ikiwa ya mtu anayejiandaa kukataliwa. Mtoto alikuwa na homa za mara kwa mara na bibi yake hakuwa tayari kubaki naye. Alitaka kuniuliza kama anaweza kuongeza siku zake za mwaka, zile 21, halafu ndipo arudi. Nilikuwa ofisini, tarehe 18, kodi ya mwezi bado haijawasilishwa, na dada wa muda alikuwa ameshaniaga kwamba anaondoka. Nilimwambia nimesikia, akate simu, aniandikie ujumbe. Ulikuja baada ya dakika chache: "Mama habari. Naomba siku zangu 21 za likizo ya mwaka kuanzia mwisho wa ile ya uzazi. Nitarudi kazini. Asante." Niliusoma mara mbili, hasa sentensi ya tatu, kisha nikaandika, "Nimekubali. Kazi yako ipo," nikaangalia tarehe na saa juu ya ujumbe, nikautuma.